Kuni Zisizoliwa na Mchwa

Mwanangu Selemani,

Mambo ya kuulizana hali nayaruka. Unadhani hali ya nyumba hii unaijua kwa kuwa umekuwemo tangu wiki iliyopita, lakini huijui, na tuliokuficha ni mimi na mama yako. Sasa hivi yeye amepitiwa na usingizi baada ya chakula, na wewe umekwenda mjini kumwuliza dereva lori litaondoka saa ngapi kesho. Nimepata nafasi. Barua hii nitaitia mfukoni mwa koti lako, na nitakuambia uisome mkishapita Katesh. Ukiisoma kabla ya hapo utashuka na kurudi kwa miguu, nakujua ulivyo.

Mama yako anaumwa kuliko anavyokuonyesha. Naona anakufa, mwanangu. Nimeandika neno hilo, nikaenda kuwatazama mbuzi ambao hawakuhitaji kutazamwa, ndipo nikarudi.

Siku ile uliyofika ulimwamkia shikamoo, akakuitikia marahaba akiwa ameketi. Ukamtania kwamba siku hizi amekuwa mke wa chifu, hainuki kwa ajili ya watoto. Akacheka, na wewe ukacheka, mimi nikatoka nje. Hakuinuka kwa sababu nyayo zake hazisikii ardhi. Mchana zimekufa ganzi, usiku zinamwaka moto mpaka anauma upindo wa shuka ili usimsikie. Kitambaa hakivui kichwani kwa sababu nywele zinatoka na kitana. Viganja vyake vimeota vijinundu vigumu, ndiyo maana sahani yako anaisukuma kwa nyuma ya mkono. Uliona hayo yote ukayaita uzee. Sikulaumu, yeye mwenyewe alikuwa anajitahidi uyaite hivyo. Aliniapisha nisikuambie chochote mpaka uwe umefika kwenye kazi yako, na leo navunja kiapo chake.

Ugonjwa huu ni uleule uliomwondoa dada yako Mwajuma. Wewe ulikuwa shuleni bwenini, ukaletewa habari kwamba mtoto ameharisha na kutapika, akafa. Nilipokuandikia baadaye kwamba zilikuwa kuni za shamba la vigingi, nilikuandikia mistari mitatu tu kisha nikazungumzia mvua. Sikuweza zaidi. Leo nitaeleza yote, maana huko kituoni uendako ndiko zilikotoka zile dawa za kuzuia mchwa, na usipojua sawasawa kilichotokea hapa hutajua la kuuliza.

Najua watu wanashangaa mtu mzima kama mimi aliingiaje katika kazi ya kuchomeka vijiti ardhini. Tulipokuwa tukirudi kutoka shambani Mtinko walinitania barabarani, wakiniuliza kama vigingi vyangu vimeota, kama nategemea kuvuna lini. Mimi sikuona mzaha. Nilizaliwa kwenye tembe ambayo nguzo zake zililiwa na mchwa kutoka ndani, nje zikabaki nzima za kupendeza, na mvua kubwa ilipokuja udongo wote wa paa ukashuka juu ya ng'ombe wa baba yangu usiku. Babu yako hakuwa mtu tena baada ya hapo. Kila baada ya miaka michache watu wa huku hukata nguzo mpya, na miti mizuri imekwisha karibu yote, wanawake wanakwenda kutafuta kuni mpaka wanarudi na giza. Kwa hiyo alipokuja yule Mzungu tuliyemwita Bwana Kigongo, akasema anataka kujua ni mti gani unadumu ardhini na ni dawa gani itaufanya mti dhaifu udumu kama mninga, niliona huyu mtu amenijia mimi binafsi.

Kazi yenyewe unaijua, ulikuja likizo ukaniandikia hesabu zake daftarini. Mininga, mitundu, mikaratusi, miti ya kutoka milimani ambayo sikuwa nimewahi kuiona, yote imechongwa kwa kipimo kimoja na kuchomekwa nusu ardhini kwa mistari. Mingine mitupu, mingine imelowekwa dawa. Kila kiangazi tunaing'oa mmoja mmoja, tunaigonga kwa kigongo kidogo na kusikiliza, tunakwangua kwa kisu, kisha tunasema: mzima, umeonjwa, umeliwa nusu, umekwisha. Mtundu mtupu ulikuwa haumalizi mwaka. Lakini mtundu uleule ukiwa na dawa unatoka ardhini na rangi yake ya kijani kijani, mkavu, mgumu, hauna hata alama ya jino. Nilikuwa naushika nakumbuka nguzo za baba yangu. Nakuambia ukweli, niliipenda kazi ile kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, na hata leo siwezi kusema kwamba ilikuwa kazi mbaya.

Vigingi vilivyomaliza muda wake vilikuwa vinatolewa shambani hata kama ni vizima. Amri ilikuwa ni kuvichoma palepale katika shimo na kulifukia. Hatukuambiwa kwa nini, na mimi mnyapara sikuuliza. Mwaka wa kwanza nilivichoma, na roho iliniuma kama mtu anayemwaga nafaka. Mwaka uliofuata nikafikiri: mama yako anatembea njia nzima ya kwenda na kurudi kutafuta kijiti cha kupikia uji, na mimi nateketeza kuni kavu zilizochongwa vizuri. Nikaazima punda wa jirani, nikazileta nyumbani. Sikuziiba kwa kujificha, Selemani. Nilizileta mchana, nikijisifu njiani. Katika akili yangu kuni ambazo mchwa amezikataa zilikuwa kuni safi kuliko zote. Tulizoea kuutupa mti uliobunguliwa, wenye unga na wadudu ndani. Huu haukuwa na doa, basi nikaona ndio wa kuingia jikoni kwa mke wangu.

Alizipenda mno. Alisema zinawaka bila kupulizwa, na moto wake una ukingo wa kijani ambao Mwajuma alikuwa anauita kanga mpya. Vile vibati vya namba vilivyogongomelewa kwenye vigingi nilivibandua kwa kisu nikampa mtoto avichezee, akavitunga kwenye kamba akawa anacheza ngoma navyo uani.

Moshi peke yake labda tungeweza kuupona. Mimi nimefikiri sana juu ya hili, maana sina kingine cha kufikiri. Kilichotumaliza ni majivu. Unajua mama yako na magadi yake: kile chungu kibovu chenye matundu chini, anakijaza majivu, anamimina maji juu, na yanayodondoka ndiyo anayolainishia mlenda. Wanawake wa hapa Mandewa walikuwa wakisema hakuna mlenda kama wake. Yeye hachukui majivu ovyo, anayachagua. Alipoona majivu ya zile kuni yalivyo laini akayawekea chungu chake mbali na mengine. Kila jioni ya masika ile walikula mlenda, yeye na Mwajuma, na mtoto alikuwa akilamba bakuli. Mimi nilikuwa nalala kambini Mtinko, nakula huko na vibarua, narudi nyumbani siku moja moja. Ndiyo maana mimi ni mzima. Nina nguvu za kubeba gunia, na kila asubuhi nikiamka bila maumivu naona aibu.

Dalili zilikuja mapema, na hapa ndipo panaponiuma zaidi. Kuku waliokuwa wanaoga kwenye jalala la majivu walikufa mmoja baada ya mwingine, tukasema ni kideri. Kisha yule mbuzi mweupe aliyezoea kulamba majivu kwa ajili ya chumvi akakutwa amejinyoosha, nikasema ni nyoka, nikazunguka uani na fimbo kumtafuta nyoka. Mama yako akaniambia, "Baba Selemani, mbona vinakufa vinavyoshinda pale jalalani tu?" Nikamjibu kwamba mwanamke akianza kuchunguza kuku atamaliza na kuchunguza nyota. Watu waliokuwepo walicheka. Niliona nimesema la maana.

Mimi niliyelipwa kwa kazi ya kutazama nilishindwa kutazama kwenye uwanja wangu. Kazini nilikuwa nagonga kigingi nikasikiliza, nikagonga tena kwa sababu sikuamini sikio langu. Nyumbani niliamini neno la kwanza lililonijia mdomoni. Nakuandikia hili kwa sababu nimekuona una macho mazuri juu ya karatasi, na nina hofu utakuwa kama mimi, macho yako uyaache kazini ukirudi kwa watu wako.

Mwajuma aliugua asubuhi, nikaitwa, nikafika alasiri. Sitakueleza alivyokufa. Dresa wa zahanati alisema ni tumbo la kuhara, na msimu ule lilikuwepo kweli, kwa hiyo hatukubishana naye. Tukazika. Na jioni ya mazishi majirani walipotupikia, walipika kwa kuni zile, maana ndizo zilizokuwapo jikoni.

Bwana Kigongo alikuja baadaye kukagua, akataka kuliona shimo la kuchomea. Nikamwambia shimo halipo, kuni nilizipeleka nyumbani. Alikuwa amesimama akaketi juu ya gogo. Akaniuliza kwa Kiswahili chake kile cha kukatika, "Mmepikia?" Nikasema ndiyo, bwana. Hakunikaripia. Heri angenikaripia. Akaniambia dawa ile ikishaingia katika mti mvua haiitoi, lakini moto unaitoa, na inayobaki katika majivu ni sumu ya kuua ng'ombe. Nikamwuliza ni sumu gani. Akasema hata yeye hajui ni ipi iko katika kigingi kipi, walipewa namba tu kutoka kituoni, makusudi, ili sisi tunaopima tusije tukaipendelea dawa moja kuliko nyingine. Majina wanayo wao huko kituoni.

Niliporudi nikamwambia mama yako. Nilijiandaa kupigwa, kulaaniwa, kuachwa. Akasema, "Niliyempakulia ni mimi." Nikasema aliyeleta kuni ni mimi. Akasema yeye ndiye aliyechagua majivu. Tukagombana, mwanangu, tukapandishiana sauti kama watu wanaogombea shamba, kila mtu akitaka kosa liwe lake. Mpaka leo hatujaelewana juu ya hilo. Tukafukia majivu yote mbali na kisima, tukavunja chungu. Tukadhani imekwisha, kumbe yeye alikuwa ameshaibeba sumu mwilini.

Bwana Kigongo aliandika kituoni kuuliza majina ya zile dawa. Kabla jibu halijaja akaugua, akarudishwa kwao. Aliyekuja badala yake ni kijana mpole, naye ameandika, na ameniambia tungoje. Tumengoja. Nilimpeleka mama yako hospitali mjini nikamweleza daktari habari yote, hakuidharau. Alimtazama kucha, viganja, nyayo. Akasema sumu za namna hii ziko kadhaa, na dawa ya kutolea moja inaweza kumwua mwenye nyingine. Akasema, "Niletee jina, nitajua la kufanya au nitakuambia ukweli kwamba hakuna la kufanya. Siwezi kutibu namba." Nimekuwa nikiyasikia maneno hayo hata nikikamua ng'ombe.

Sasa unaelewa kwa nini barua ya kukuita kazini ilipofika nilikushangaza. Ulitegemea nitakukataza. Hata wewe ulikuwa na maneno yako tayari ya kunibishia, kwamba unakwenda kwenye chumba cha wadudu, kwamba dawa ziko chumba kingine. Nilikukubalia kabla hujamaliza, ukanitazama kama unatafuta kasoro. Ukweli ni kwamba ningetaka kukufunga kwa kamba kwenye nguzo ya nyumba. Nimeshapoteza mmoja kwa dawa za kituo kile, na sasa nampeleka wa pili kwa mikono yangu akalale karibu na mapipa. Sina mwingine wa kumtuma. Barua hazijibiwi, mimi wakiniona mlangoni wataniona mzee wa shamba aliyevunja amri. Wewe utakuwa ndani. Wewe watakujibu.

Kwa hiyo sikiliza. Katika mzigo wako, ndani ya soksi nene, nimekufungia vile vibati vya Mwajuma kwenye kamba yake. Nilivitafuta uani nikavipata vyote, nimevisugua namba zionekane. Ukifika usingoje wakuzoee kwanza. Usingoje wakuonyeshe kitanda. Mwombe mkuu wa dawa uonane naye, mwamkie kwa adabu, muwekee vibati mezani, umwulize kila namba jina lake ni nini. Akikuuliza vimetokea wapi, mwambie bila kupunguza. Mwambie baba yako alivunja amri. Wasije wakakunyima jina kwa kuogopa kwamba tutawashtaki, waambie hatumshtaki mtu, tunataka jina tu. Mimi niko tayari wanifukuze, wanifunge, wanifanye chochote. Lipeleke kwao hilo nalo kama litasaidia.

Sitakuandikia habari za kuchagua marafiki wala kuswali kwa wakati. Mama yako amekueleza hayo mpaka umeanza kusinzia. Mimi nina moja tu la kazi. Wakikupa amri, itimize, lakini uliza sababu yake, uliza hata kama wanakuona mjinga. Na siku utakapokuwa wewe ndiye unayetoa amri, usimwambie mtu choma hapo ukaondoka. Mweleze. Pengine ana mke anayekwenda mbali kutafuta kuni. Bwana Kigongo alikuwa mtu mwema na aliipenda miti, lakini hakuwahi kuingia jikoni kwetu akaona majivu yanafanya kazi gani. Na mimi nilikuwa mtu wa jiko hilohilo, sikuwahi kumweleza. Tulifanya kazi pamoja miaka yote ile tukizungumza habari za mchwa tu.

Kazi usiichukie kwa sababu yangu. Ukiweza kupata dawa ya kumzuia mchwa isiyomwua mtu, nguzo za huku zitadumu, na mwanamke fulani hatakwenda mpaka giza. Ningependa iwe wewe. Lakini hayo ni ya baadaye, sasa hivi sijali nguzo ya mtu yeyote.

Najua unasoma haya lori linatikisika na unataka kugonga bodi dereva asimame. Usishuke. Ukirudi sasa utamshika mkono, mtalia, na jina litabaki huko huko. Nimemtazama leo wakati anakukunjia mashati. Alikuwa anapanga kingo za shati kwa macho, kwa sababu vidole havimwambii tena kitambaa kiko wapi. Alichukua muda mrefu kwa kila shati, hakutaka nimsaidie. Kesho ukimuaga atakuwa ameketi mlangoni, na wewe utainama kumkumbatia ukidhani ni madaha yake. Nisamehe kwa kukuacha umuage hivyo bila kujua. Ningekuambia, usingeondoka.

Sasa la mwisho. Kila barua inayoingia nyumba hii mama yako huitaka mkononi kwanza, aisome kabla yangu, na wewe hujui kudanganya hata kwa kalamu. Kwa hiyo ukishapata jina, uliza palepale kama ipo dawa ya kuitoa sumu hiyo mwilini. Wakikuambia ipo, andika siku hiyohiyo, andika jina kwa herufi kubwa, nami nitakimbia nalo hospitali. Wakikuambia haipo, usiandike neno. Waage vizuri, panda treni, panda lori, urudi. Nikikuona unashuka na mzigo wako nitajua, sitakuuliza kitu. Na yeye atafurahi tu kwamba umerudi.

Baba yako.